Risala ya Wanafunzi wa Sheria ya Teknolojia na Miundombinu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kitivo cha Sheria, walimu wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu na kuacha shughuli zako ili uketi nasi siku ya leo. Tunafahamu kwamba sehemu kubwa ya maisha yako ya uwakili umeitumia katika mikataba ya umeme, mawasiliano na barabara, na ndiyo sababu tulipokutana kumchagua mgeni rasmi hapakuwa na ubishi wowote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu ni cha wanafunzi wa shahada ya sheria waliokusudia kufanya kazi pale sheria inapokutana na teknolojia na miundombinu. Tulianza kwa kukutana kila Ijumaa jioni, baada ya vipindi, kusoma pamoja mambo ambayo mtaala wetu unayagusa kwa mbali: mikataba ya ujenzi, leseni za mawasiliano, ulinzi wa taarifa binafsi, mikopo ya miradi na usuluhishi wa kimataifa. Wakati ule tuliamini kwamba atakayezijua sheria hizo kifungu kwa kifungu amekwisha kuwa mwanasheria wa fani hii. Leo hatuamini hivyo tena, na tunaomba ruhusa yako tueleze kilichotubadilisha mawazo.

Jioni moja mwalimu wetu alituletea kipande cha kebo ya mawasiliano ya chini ya bahari, ile inayolazwa kwenye kina kirefu. Tulikipokezana mkono kwa mkono. Unene wake hauzidi ule wa mpira wa kumwagilia maji bustani, na ukishaondoa plastiki ya nje, shaba na nyaya za chuma, ndani kabisa unakuta nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Humo ndimo inamopita sehemu kubwa mno ya mawasiliano ya intaneti kati ya bara na bara, wala si kwenye setilaiti kama wengi wetu tulivyodhani. Baada ya kukishika kipande kile tulirudi kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, tukavisoma vifungu vya 113 hadi 115 kana kwamba hatujawahi kuviona. Cha 113 kinazitaka nchi zitunge sheria ya kuwaadhibu wanaokata kebo kwa makusudi au kwa uzembe. Lakini kilichotugusa zaidi ni cha 115, kinachosema kwamba mwenye chombo akithibitisha kuwa amepoteza nanga, wavu au zana nyingine ya uvuvi ili asiharibu kebo, atalipwa fidia na mwenye kebo, mradi awe alichukua mapema tahadhari zote zinazofaa.

Kanuni hiyo ni kongwe, maana imo tayari katika mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1884, enzi za telegrafu, ambao ulimtaka pia nahodha atoe taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 24 tangu kuingia bandarini. Tafadhali mfikirie nahodha huyo. Nanga imenasa, bahari imechafuka, na ana dakika chache za kuamua avute kwa nguvu au akate mnyororo na kuiacha nanga chini. Asipokuwa na hakika ya kulipwa, atavuta. Walioiandika kanuni ile walijua jinsi nanga inavyonasa na walijua nahodha anavyopima hasara yake, na ujuzi huo hawakuupata ndani ya maktaba. Tangu jioni ile tumeshika jambo moja: mwanasheria wa miundombinu hana budi kukijua kwanza kitu chenyewe, kisha ndipo sheria inayokihusu itamfungukia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, funzo la pili tulilipata kwa uchungu. Mwenzetu mmoja, alipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya mawakili ambayo hatutaitaja, alikabidhiwa jalada la mkandarasi aliyekuta mwamba mahali ambapo ripoti ya uchunguzi wa ardhi ilionyesha udongo laini. Kazi ilichelewa na gharama zikapanda. Mhandisi wa mkandarasi alikuwa ameandika kila kitu katika shajara ya kila siku: saa mashine iliposimama, kina cha mwamba, idadi ya vibarua waliokaa bila kazi, na picha juu yake. Hata hivyo mkataba ulifuata masharti ya mwaka 1999 ya Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, FIDIC, ambayo katika kifungu kidogo cha 20.1 yanamtaka mkandarasi atoe notisi ya dai lake si zaidi ya siku 28 tangu alipolijua au alipopaswa kulijua tukio lenyewe, na asipofanya hivyo hana haki ya kuongezewa muda wala malipo. Barua ya kwanza ilikuwa imetoka siku ya 41. Mwenzetu anasema kilichomuuma ni kwamba mawakili walikuwapo tangu mkataba ulipotiwa saini, ila hakuna hata mmoja aliyekuwa amekanyaga eneo la kazi na kumwambia mhandisi yule maneno matatu tu: shajara si notisi.

Upande wa teknolojia saa inakimbia kwa kasi kubwa zaidi. Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inamtaka anayesimamia taarifa za watu aijulishe mamlaka husika ndani ya saa 72 tangu alipofahamu kwamba taarifa hizo zimevuja, isipokuwa kama uvujaji huo hauelekei kuwaletea watu madhara. Neno zito hapo ni hilo «alipofahamu». Je, ni pale fundi wa zamu alipoona usiku wa manane kwamba kuna anayeingia kwenye seva asikopaswa, au ni pale mkurugenzi alipopewa taarifa asubuhi ya pili? Wakili asiyejua kumbukumbu za seva zinatunzwa wapi, na hufutwa baada ya siku ngapi, hawezi kulijibu swali hilo, wala hajui hata amwamshe nani. Ni vivyo hivyo katika mkataba wa programu ya kuendeshea mtambo: tumejifunza kuuliza mapema msimbo wake, yaani maandishi ya maelekezo yanayoiendesha programu hiyo, utakuwa mikononi mwa nani endapo kampuni iliyoutengeneza itafilisika, kwa sababu baada ya kufilisika muuzaji hayupo tena wa kujadiliana naye.

Mikopo ya miradi na usuluhishi tumevisoma pia, pamoja na Mkataba wa New York wa mwaka 1958 unaowezesha tuzo ya wasuluhishi, yaani uamuzi wao wa mgogoro, iliyotolewa nchi moja kukaziwa katika nchi nyingine. Hayo yamo vitabuni, na walimu wetu wametufundisha vizuri.

Liko jambo moja ambalo hatukulikuta kwa wingi vitabuni, nasi tunalisema kwa moyo wote. Njia ya umeme, bomba au barabara hupita juu ya ardhi ya mtu. Katika majedwali ya mradi mtu huyo huonekana kama namba ya kiwanja na kiasi cha fidia, na mara nyingi ndiye pekee katika shughuli nzima asiye na wakili. Tumesikia jinsi mkataba wa mkopo unavyoweza kuwa na kurasa mamia za kumlinda mkopeshaji, huku fomu anayotia saini mwenye shamba ikiwa ni ukurasa mmoja. Hatutaki kuhitimu tukiwa mahodari wa kurasa zile na wageni wa ukurasa huu. Kwa maoni yetu hilo si suala la huruma peke yake, kwa kuwa mradi uliolipa fidia kwa pupa unaweza kusimamishwa mahakamani, na kila siku unaposimama mkandarasi anadai na riba inaongezeka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni kwamba mikataba halisi ni siri. Tunafundishwa kuandika nyaraka ambazo hatujawahi kuziona. Tunakuomba ofisi yako itupatie, kwa idhini ya wateja wako, nakala za mikataba iliyokwisha muda wake, majina na bei vikiwa vimefutwa, na zaidi ya yote viambatisho vyake vya kiufundi, ambavyo ndivyo tunavyovihitaji kuliko masharti yenyewe. Tunakuomba pia nafasi za mafunzo kwa vitendo ambazo angalau theluthi ya muda wake itakuwa kwenye eneo la kazi, tukiwa na kofia ngumu kichwani na shajara ya mhandisi mbele yetu. Katika hilo tunawaombea kwa namna ya pekee dada zetu wa kikundi hiki, ambao katika ziara yetu ya mwisho waliulizwa langoni wamekuja kumwona nani, ilhali sisi wenzao wa kiume tulipita bila kuulizwa lolote.

Mwisho, Mkuu wa Kitivo cha Uhandisi amekubali wanafunzi wake wakutane nasi siku za Ijumaa kuanzia muhula ujao. Tutafurahi sana ukichagua Ijumaa moja uje utusomeshe jalada moja ulilolishughulikia wewe mwenyewe, hata likiwa lile ulilolishindwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.