Tupime maji yaliyomo ardhini, si mvua pekee

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa mvua unapokaribia, sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, husikia tahadhari za maporomoko ya ardhi zinazotegemea kiasi cha mvua kinachotarajiwa. Zinasaidia, lakini mteremko hauporomoki kwa sababu ya mvua ya leo peke yake. Mara nyingi maji ya wiki kadhaa yamekwisha kujaa baina ya chembe za udongo na kuulegeza. Ndiyo maana mvua ileile haileti matokeo sawa inapoukuta udongo uliokaushwa na jua la Januari na inapoukuta udongo wa Novemba ambao umekwisha kushiba. Baada ya maporomoko ya Nametsi mwaka 2010, Bukalasi mwaka 2018 na Bulambuli mwaka 2024, tunastahili kipimo cha unyevu wenyewe.

Njia inayoaminika zaidi ni ya zamani: sampuli hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa takriban saa 24, kisha hupimwa tena. Kasoro yake ni kwamba udongo uliochimbwa haurudi, na shimo la wiki ijayo ni mahali pengine. Isitoshe, katika joto letu tabaka la juu huloa asubuhi na kukauka alasiri, ilhali kwenye kina cha mita moja mabadiliko huenda polepole, hivyo anayepima mara moja kwa wiki hupitwa na mengi. Setilaiti ya SMAP, iliyorushwa na Marekani mwaka 2015 ili kupima unyevu wa udongo kutoka angani, huona takriban sentimita 5 za juu tu, tena kwa eneo la kilomita nyingi, na majani mazito kama ya migomba yetu huidhoofisha ishara yake.

Kinachohitajika ni vitambuzi vya umeme vilivyofukiwa katika vina mbalimbali, virekodi kila saa, mwaka mzima. Hata hivyo, udongo wa mfinyanzi huvipotosha, kwa hiyo ni lazima visahihishwe kwa sampuli za tanuri kutoka mteremko uleule. Bila hivyo tutapata tarakimu nyingi zisizo na maana.

Naiomba Wizara ya Maji na Mazingira, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere, ianze na miteremko michache ya Bududa, itenge fedha za betri na za mkaguzi anayeishi hapo, na iwafikishie wenyeviti wa LC1 (mabaraza ya vijiji) vipimo hivyo kwa Lumasaba, lugha ya hapa, kila siku ya msimu wa mvua.

Msomaji wenu,
Mbale