Muhuri kwanza, ndege baadaye

Uyole, Mbeya

Mwanangu Atupele,

Hapa hatujambo, baridi tu ndiyo inatuchapa. Mguu wa baba yako umepata nafuu. Tumpe alinisomea ujumbe wako kwamba tiketi imeshakatwa na unaondoka Septemba kwenda kusoma Ubelgiji. Nikafurahi, kisha nikamwambia asome tena, maana sikusikia mahali uliposema barua ya ruhusa ya mwajiri wako imetoka. Akasoma tena. Haipo.

Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungesema "mama, usiwe na wasiwasi", na maongezi yangeishia hapo.

Unasema mkuu wa shule amekubali. Amekubali kwa mdomo. Mkuu wa shule anaweza kuhamishwa kesho akapelekwa Makete, na atakayempokea akute vipindi havina mwalimu. Huyo atajuaje mlichoongea? Maneno ya mdomo hayapigwi muhuri. Andika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, barua ipitie kwa mkuu wa shule, ambatanisha ya chuo na ya ufadhili, na ubaki na nakala iliyogongwa "imepokelewa" pamoja na tarehe. Halafu usikae kusubiri kupigiwa simu. Nenda masijala ukaulize faili liko meza ya nani. Nimestaafu, lakini masijala nazijua, faili lisilofuatwa huwa halitembei.

Siku tano, Atupele. Mtumishi akikosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa, hilo ni shauri la utoro, na linaweza kuishia kwenye kufukuzwa kazi. Wewe unakwenda mwaka mzima! Kuna mwalimu mwenzangu aliyekwenda kusoma kwa ahadi ya mdomo kama hiyo yako. Aliporudi na cheti chake kizuri, jina halimo kwenye orodha ya mishahara. Alizungushwa ofisi hadi ofisi mpaka akachoka, leo anauza madaftari na kalamu Mwanjelwa. Si kazi ya aibu, ila siyo aliyoisomea. Na Bodi ya Mikopo, inayokukata asilimia 15 kila mwezi, deni lake halifutiki kwa sababu wewe huna mshahara.

Najua utanijibu kwamba unakwenda kusomea kitu ambacho nchi inakihitaji. Basi kiseme kwenye barua. Usiandike "naomba ruhusa kwenda kusoma michezo". Ofisa akiona neno michezo anaona filimbi na bukta, na simlaumu. Ulipoacha fizikia ukachagua michezo pale chuo kikuu, baba yako hakugusa chakula usiku ule, na mimi sikumwambia kitu.

Andika kwamba unakwenda kusomea elimu ya viungo kwa wanafunzi wenye ulemavu, namna ya kurekebisha zoezi, kifaa na kanuni za mchezo ili mtoto asiyeona, asiyesikia au mwenye mtindio wa ubongo acheze pamoja na darasa lake. Andika kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, Bunge letu likatunga sheria yake 2010, na kwamba Ibara ya 30 ya mkataba inataja waziwazi michezo ya watoto shuleni. Weka na ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 ulionisomea, kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17, mwenye ulemavu naye, anatakiwa apate kwa wastani dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Maofisa wanapenda vifungu. Wape vifungu mpaka wasaini.

Ule mpira wa goli wa wasioona uutaje pia. Nilimweleza mchungaji kwamba ulibuniwa 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, kwamba mpira una kengele ndani, wachezaji ni watatu kila upande, na wote wanafungwa macho, hata yule anayeona kidogo, ili asiwapunje wenzake. Akadhani namtania. Nikamwambia mpaka Paralimpiki unachezwa, na binti yangu atakuja kuufundisha hapa. Akanyamaza. Nilijisikia vizuri, sikufichi.

Ila ulisema ukikosa mpira wa kengele unachukua wa kawaida unaufunga kwenye mfuko wa nailoni ili uchakarike ukibiringika. Mifuko yenyewe serikali ilipiga marufuku 2019. Waulize hao Wabelgiji wanatumia nini, maana sisi tumebaki na viroba vya sukari, na sijui kama vinalia.

Halafu huko utafundishwa ukumbini, sakafu inang'aa, taa juu. Sidhani kama watakuwa na habari na jua la saa saba mchana kwenye uwanja wa vumbi. Mtoto mwenye ualbino ukimpangia kipindi saa saba umemuunguza, hata uwe na shahada ngapi. Kofia pana, mikono mirefu, kipindi asubuhi, na mpira wa rangi atakayoiona kwenye vumbi, kwa sababu macho yao nayo ni shida. Hayo wewe unayajua. Wasije wakakusahaulisha.

Zamani zetu hatukuwa na haya. Darasa langu la nne kulikuwa na mtoto wa kiume mwenye mguu uliopooza. Kipindi cha michezo kikifika wenzake walivua masweta wakamwekea mapajani, yeye akakaa chini ya mkaratusi kuyalinda, rundo likamfika kidevuni, uso tu ndio unaonekana. Magoli alikuwa akiyahesabu kuliko refa. Mwaka ule hakuna sweta hata moja lililopotea, nikamsifu mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

Basi, barua. Na kama majibu yatachelewa, sogeza tiketi. Umesema mwenyewe chuo hicho cha Leuven kilianzishwa 1425. Kitu kilichosimama tangu enzi hizo hakitaanguka kwa kukusubiri wiki mbili. Waandikie uwaeleze, watu wa vyuo wanaelewa habari za vibali. Hela ya kubadilisha tiketi tutatafuta, viazi vya mwaka huu ukungu umevipiga kidogo tu. Lakini usinipandie ndege bila karatasi yenye muhuri. Nikisikia umeondoka hivyo, mimi mwenyewe nitapanda basi kuja Iringa kukaa kwenye benchi la ofisi ya mkurugenzi, nawe utaona aibu.

Una bidii, hilo hakuna asiyelijua. Tatizo lako tangu mdogo ni kudhani watu wote wanakumbuka walichokuahidi.

Lusajo wa dada yako nimemkataza kupinduka kichwa chini, kama ulivyosema, mpaka shingo yake ipigwe picha. Sikujua kwamba watoto wenye hali ya Down wengine pingili za juu ya shingo hulegea. Amekasirika, kwa sababu wenzake wote wanapinduka kwenye nyasi za kanisani. Ameanza kurusha mawe kwenye ndoo badala yake, na shabaha anayo. Ndoo yangu ya bluu imepasuka. Tumpe anasema atampeleka Hospitali ya Rufaa akipata nafasi. Mhimize, wewe anakusikiliza.

Kuhusu yule kijana wa Mafinga sisemi kitu. Ila kama ni wa kweli, mwambie akusaidie kufuatilia faili wakati unasahihisha mitihani.

Ng'ombe amezaa, dume tena. Baba yako anataka kuliuza likikua tuezeke jiko, mimi nataka tuchimbe kisima, tunabishana. Wapangaji wa chumba cha nyuma wamehama bila kulipa umeme. Dawa za presha baba yako anameza, ila kahawa hajaacha.

Nimekutumia kifurushi kwenye basi la asubuhi, kitashuka stendi ya Igumbilo, nenda mapema wasikizungushe. Ndani mna maharage, unga wa ulezi, na sweta mbili za kufuma. Ile nzito ndiyo ya kwenda nayo. Nakala ya barua ikishagongwa muhuri, ipige picha umtumie Tumpe, simu yangu haifungui picha. Maharage yapepete kabla hujapika, yana mawe kidogo. Na kiroba nirudishie, siyo changu, ni cha Mama Sekela.

Mama yako