Paka Wanaocheza Wasichapwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee paka wa majumbani, hasa hapa Mji wa Kale, Mombasa, ambako ni kawaida nyumba moja kuwa na paka wawili au zaidi, na ambako wengi wetu hukimbilia ufagio mara tu tunapowaona wamekamatana.

Paka wanaocheza aghalabu huwa kimya. Hupokezana zamu ya kuwa juu na chini, huficha kucha, na kuumana kwao hakuachi jeraha. Dume wetu mwekundu hujilaza chali kusudi, akamkumbatia mwenzake shingoni na kumpiga mateke kwa miguu ya nyuma, kisha wote wawili huachana na kuanza kujiramba. Mchezo huo ndio humfundisha mtoto wa paka kipimo cha kuuma, na kumchapa kwa ajili yake ni dhuluma.

Ugomvi wa kweli una dalili zake: masikio hulala nyuma, manyoya husimama, mkia huvimba, na ngurumo husikika hadi kwa jirani. Hapo mtu asiingize mkono, kwa kuwa jino la paka huzama ndani na jeraha lake hutunga usaha upesi. Atupe mto kati yao, kisha awatenge vyumba. Kila paka awe na sahani yake, na madume wahasiwe, kwani hatua hiyo hupunguza sana mapigano. Paka mpole anayegeuka mkali ghafla huenda ana maumivu, na anastahili kupelekwa kwa daktari wa mifugo, si kutupwa sokoni.

Wako mwaminifu,
Mfugaji wa paka,
Mombasa