Cheti changu cha ubatizo si kadi ya chama

Bwana Mhariri,

Habari ile ya ukurasa wa kwanza, yenye picha ya mheshimiwa mwanasiasa akishika rozari mbele ya altare, mnaikumbuka wenyewe, kwa hiyo siirudii. Lakini kichwa chake kimenikaa kooni: eti Wakristo wa Lubumbashi wameshachagua chama chao. Wamechagua lini? Nani aliwahesabu? Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja kulalamika, hata pale mlipotangaza kifo cha mtu ambaye jioni ile ile tulikuwa naye kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, akinunua samaki. Nilinyamaza. Safari hii sinyamazi, maana mmenihesabu na mimi.

Nilikuwepo misani siku ya picha hiyo. Mwandishi wenu anasema waumini walilipuka kwa shangwe. Waliopiga makofi ni vijana waliogawiwa tisheti langoni, na makofi yao yaliisha kabla mheshimiwa hajamaliza salamu. Alipewa maikrofoni baada ya komunyo, saa ya matangazo, pale ambapo siku nyingine tunatangaziwa ndoa na mchango wa mabati. Akasema chama chake kimejengwa juu ya Injili, na kwamba Mkristo wa kweli hana haja ya kujiuliza mara mbili. Ni maneno hayo hasa yaliyonifanya nijiulize.

Basi nikaenda ofisi yao ya mtaani kuomba karatasi. Kila chama katika nchi hii ya Kongo kina kitu kinachoitwa mradi wa jamii, na wakubwa wanautaja kwenye televisheni kila wakikosa la kusema. Kijana wa mlangoni akanipokea vizuri: “Papa, unataka kofia ao kikwembe?” Nikamwambia nataka mradi wa jamii. Akanyamaza. Akaenda ndani, akarudi na kikwembe, yaani kitenge. Nikamwambia, mtoto wangu, kikwembe nimekiona, kizuri, nataka karatasi mliyoandika mtafanya nini mkipewa madaraka. Hapo akaniuliza nimetumwa na nani. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi ya konvansione ya kikatoliki (ya serikali, inayosimamiwa na Kanisa), mstaafu, niliyefundisha nusu ya Katuba kusoma, ninaulizwa nimetumwa na nani kwa sababu nataka kusoma! Akaja mkubwa wake, naye akasema mradi uko Kinshasa. Akaja wa tatu, akasema upo lakini umefungiwa, na mwenye ufunguo yuko Likasi. Aliyeniokoa ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa katibu wao, aliyeutoa chini ya rundo la mabango tukaenda kuutolea nakala dukani kwa franka zangu mwenyewe. Nilimuuliza kama ameusoma. Alicheka tu.

Umeandikwa kwa Kifaransa kitupu, na chama chenyewe kinatuhutubia kwa Kiswahili kila kikitaka kura. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida, kwa hiyo niliusoma kwa tochi, bibi yangu wa ndoa akipika bukari (ugali) kwenye makaa, nami nikimtafsiria. Mungu yumo kwenye dibaji na yumo kwenye ukurasa wa mwisho. Katikati hayumo. Bibi yangu akasema: “Basi alishukia njiani.”

Sikuusoma kwa kutafuta ubaya, Bwana Mhariri. Sehemu ya shule ningeweza kuisaini nikiwa nimepiga magoti. Inataka elimu ya msingi iwe bure, kama Katiba ya 2006 inavyosema katika kifungu cha 43, na kama ilivyoanza kutekelezwa Septemba 2019. Aliyewahi kuona mtoto mwenye akili akirudishwa nyumbani katikati ya mtihani kwa sababu baba hajalipwa, huyo hahitaji padri wa kumweleza kwamba jambo hilo ni la Injili. Lakini mradi hausemi mwalimu ambaye jina lake bado halijaingia kwenye orodha ya mishahara atakula nini. Luka sura ya 10 inasema mtenda kazi anastahili ujira wake, na haikumtoa mwalimu.

Nikaja kwenye madini. Wameandika kwamba utajiri wa udongo wa Katanga ni zawadi ya Mungu kwa watu wake. Amina. Sasa zawadi hiyo inagawiwaje? Sheria ya madini (code minier) ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, iliweka wazi mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayouza, unavyogawanywa: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini au usultani palipo mgodi, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwenye kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, mrabaha wenyewe ni 10%. Juu ya hayo kampuni inatakiwa kutenga 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu. Nilitafuta katika mradi wa chama cha Injili mstari mmoja unaosema ile 15% itabandikwa wapi tuione kwa macho. Hakuna. Kuna ahadi ya kujenga kanisa kubwa. Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na mchimbaji yeyote aliyewahi kupeleka mfuko wake wa mawe kwenye depo anaijua mizani ya namna hiyo: inapima vizuri sana mfuko wa mnunuzi.

Hata hayo ningeyavumilia. Kilichonifanya nizime tochi ni sura moja fupi, karibu na mwisho, inayosema kazi, viwanja na vyeo virudishwe kwa “wenyeji wa kweli”. Hapo nataka mheshimiwa anisikilize, kama anasoma magazeti yanayomsifu. Sisi wa rika langu tuliona mwaka 1992 na 1993. Tuliona watu wa asili ya Kasai, mkoa jirani, wengine waliozaliwa hapa hapa Katanga, wazazi wao wakiwa wamezikwa hapa, wakitolewa manyumbani Likasi na Kolwezi, wakilala na watoto kwenye stesheni majuma na majuma wakingoja treni, wakifa pale pale kwa kipindupindu na njaa. Waliitwa bilulu, wadudu, mchana kweupe, na watu wenye vyeo. Waliofukuza walikuwa wamebatizwa. Waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa. Wengine walipokea komunyo Jumapili moja kwenye benchi moja, na Jumapili iliyofuata benchi likawa na nafasi. Nilikuwa na mwenzangu shuleni, mwalimu wa darasa la 5, mwimbaji wa bezi katika kwaya yetu. Aliondoka na sanduku moja na daftari lake la maandalio, hajarudi mpaka leo. Zile siasa hazikukosa sala. Mikutano yake ilifunguliwa kwa sala. Sasa mtu anasimama mbele ya tabernakulo na karatasi yenye mbegu ile ile, ananiambia nisijiulize mara mbili! Nimejiuliza, mheshimiwa. Kama mradi wako unamfanya mtu ninayempa mkono wa amani kila Jumapili awe mgeni wa kuondolewa, usinitajie Injili. Sema ni siasa, tutabishana kama raia.

Vijana wanadhani mambo haya ni mapya. Wakati wa MPR, chama pekee cha Mobutu, ilikuwa rahisi zaidi kupima, kwa sababu chama hakikujificha. Mwaka 1972 tulinyang'anywa majina ya ubatizo, Kardinali Malula akalazimika kwenda Roma, mwaka 1974 Noeli ikaondolewa kwenye sikukuu za nchi, na waziri wa mambo ya ndani akamlinganisha Mobutu na Masiya. Shule zetu zilichukuliwa, zikarudishwa 1977 baada ya kuharibika. Chama kile kilitaka tuache imani nje ya mlango. Hivi vya leo vinaingia nayo ndani, vinakaa benchi la mbele, vinaimba kuliko kwaya. Na maaskofu wakisema neno, wanasiasa hao hao wanawarudisha sakristia. Baada ya kura za 30 Desemba 2018, CENCO, baraza la maaskofu wetu wakatoliki, ilipotumia waangalizi wake wapatao 40,000 na kusema matokeo iliyoyakusanya hayalingani na yale yaliyotangazwa, nilisikia kwa masikio yangu watu wa vyama wakisema padri abaki na misa yake. Sawa. Basi nanyi bakini na mikutano yenu.

Mtaguso wa Vatikani wa Pili ulishasema mwaka 1965 kwamba waamini wanaweza kutofautiana kwa haki katika mambo ya namna hii, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kujitwalia mamlaka ya Kanisa kwa ajili ya maoni yake peke yake. Sheria ya Kanisa inawakataza mapadri kushiriki kikamilifu katika vyama. Maikrofoni ile iliwashwa na nani?

Na kwa kuwa nimeshachafua karatasi, niseme na la benchi la mbele. Lile benchi kwetu hukaliwa na wazee wasiosikia vizuri na mama mmoja mwenye mguu mbovu. Siku ile waliondolewa na vijana wenye miwani myeusi ili mheshimiwa na msafara wake wakae. Mama yule alisimama misa nzima karibu na chombo cha maji ya baraka. Hilo mwandishi wenu hakuliona, ijapokuwa alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Lakini mwandishi huyo nilimwona mimi, baada ya misa, kwenye foleni ndogo nyuma ya gari la mheshimiwa, akipokea bahasha pamoja na wenzake wa redio. Watu wa kazi yenu mnaiita coupage, na mnaitaja bila haya, utafikiri ni nauli. Najua mishahara yenu ni midogo au haipo kabisa. Nami nimefundisha miezi bila mshahara. Lakini sikuwahi kumpa mtoto alama 10 juu ya 10 kwa sababu baba yake alinipa kuku. Nyinyi kwa bahasha moja mmekigawia chama kimoja mji mzima, pamoja na Wametodisti, Wakimbangu, Wapentekoste na sisi Wakatoliki, ambao hata tarehe ya kufunga hatukubaliani.

Dawa ninayo, na ni rahisi. Mwanasiasa anayetaka kusema na Wakristo alete mradi wake wa jamii kwa Kiswahili, nakala moja kwa kila shirika la mtaa (jumuiya ndogo ya waumini), wiki mbili kabla. Siku ya mkutano wa shirika, jioni, aje peke yake, bila msafara, akae kwenye kiti cha plastiki kama sisi, tusome pamoja mstari kwa mstari, na mama yule mwenye mguu mbovu awe wa kwanza kuuliza. Akitaka kuongea zaidi ya makumi moja ya rozari, alipe faini ya mfuko mmoja wa simenti kwa ajili ya paa. Vikwembe avipeleke sokoni, huko vina kazi.

Nanyi gazetini, chapeni miradi hiyo yote kwenye ukurasa ule wa matokeo ya mpira ya Mazembe na Lupopo. Huo peke yake ndio mnaouhakiki vizuri, kwa sababu mnajua mkikosea bao moja tu, watu watakuja ofisini kwenu.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi