Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara kuhusu ugonjwa wa Kawasaki

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: WATOTO WENYE HOMA YA SIKU TANO NA KUENDELEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu, kama tulivyozoea kuandikiana serikalini. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilihudumu wodi za watoto hadi miguu ikagoma, na sasa niko Masasi na mikorosho yangu michache. Ombi langu ni moja: tabibu asiufute ugonjwa wa Kawasaki, homa ya watoto wadogo inayovimbisha mishipa ya damu, kichwani mwake kwa sababu tu mtoto aliyepakatwa mbele yake ni Mmakonde, Mmakua au Myao.

Msimu wa korosho uliopita nilimsindikiza jirani na mjukuu wake, hajatimiza miaka miwili, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Homa ilikuwa siku ya sita. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na antibayotiki alishamaliza. Macho yote mawili mekundu lakini hayana tongotongo, midomo imepasuka, viganja vimevimba. Nikamwomba kijana wa zamu, kwa heshima zote, aifikirie Kawasaki. Akacheka. "Mama, huo si ugonjwa wa Wajapani?"

Hakukosea sana. Dk. Tomisaku Kawasaki alimwona mgonjwa wake wa kwanza huko Japani mwaka 1961, akachapisha taarifa ya watoto 50 mwaka 1967, na hadi leo nchi hiyo ndiyo inayoongoza: kabla ya UVIKO-19 ilifikia zaidi ya watoto 300 kwa mwaka katika kila 100,000 walio chini ya miaka mitano. Wala tusisingizie hali ya hewa ya kule pekee, maana watoto wenye asili ya Japani wanaokulia Hawaii huupata mara nyingi kuliko watoto wa Kizungu wa visiwa hivyo hivyo. Nasaba ina mchango wake. Watafiti wameshataja jeni kadhaa zinazohusika, ingawa kinachouwasha ugonjwa wenyewe bado hakijajulikana.

Ila kijana wetu aliishia kusoma hapo. Hesabu za hospitali za Marekani za mwaka 2006 ziliwaweka watoto wenye asili ya Asia juu, karibu 30 kwa kila 100,000, wakifuatiwa na weusi, karibu 17, na wazungu 12. Mtoto mweusi kamzidi Mzungu, na sijasikia Mzungu akirudishwa nyumbani kwa kuambiwa huu ni wa Wajapani. Mwaka 2020, ugonjwa unaofanana na Kawasaki ulipozuka kwa watoto baada ya UVIKO-19, madaktari wa London na Paris waliona watoto wenye asili ya Afrika wakiwa wengi kupita kiasi wodini. Sasa sisi tulio kwenye asili yenyewe tumesalimika kwa dawa gani? Mimi nadhani hatujahesabu tu. Mtoto wa namna hii rejesta inamwita surua, maambukizi ya koo, au homa basi.

Halafu kuna suala la ngozi. Picha nyingi za vitabuni ni za watoto weupe, upele unaonekana toka mlangoni. Kwa watoto wetu unajificha. Mimi huwageuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaangalia nyayo, ndani ya mdomo, na ulimi uliowiva kwa wekundu na vipele. Kisha namvua fulana niangalie kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani. Likiwa limevimba na kuwa jekundu upya kwa mtoto mwenye homa ndefu, sihitaji kuambiwa mara mbili. Dalili hiyo inapatikana bure kwenye kila zahanati kuanzia Nanyumbu hadi Msimbati, kwa kuwa karibu kila mtoto wetu amechanjwa.

Haraka inatokana na moyo. Asipotibiwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne huharibika mishipa inayolisha moyo, ikatuna. Akipata dripu ya imunoglobulini, yaani kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya wachangiaji, ndani ya siku kumi za kwanza, pamoja na aspirini kwa usimamizi wa daktari, hatari inashuka hadi karibu mmoja kati ya 20. Ubaya wake ni kwamba homa hukoma yenyewe hata asipotibiwa. Ngozi ya vidole inabambuka kuanzia kwenye kucha, mtoto anaomba uji, mama anashukuru Mungu, na mishipa iko vile vile.

Najua imunoglobulini ni ghali na hupimwa kwa uzito, gramu mbili kwa kila kilo. Sikuombi uijaze kila kituo. Weka akiba ndogo Hospitali ya Mkoa ya Ligula au Hospitali ya Kanda pale Mitengo, na yule mwenye ujuzi wa kupima moyo kwa ultrasaundi awe na zamu inayojulikana. Mashine hiyo hiyo itawafaa watoto wetu wengi ambao mioyo yao imeharibiwa na homa inayofuata maambukizi ya koo, ambao leo wanasafirishwa zaidi ya kilomita 500 kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Na waraka wa ukurasa mmoja uende kwa matabibu wote: homa ya siku tano isiyo na maelezo, mtoto apewe rufaa, kabila lisiulizwe.

Mjukuu wa jirani alipata dawa Dar es Salaam siku ya tisa, baada ya ukoo kuchangishana nauli. Ukiandaa mafunzo ya huo waraka niite, nitakuja kwa nauli yangu. Ila na yule kijana wa zamu awepo, akae mbele.

Wako katika kazi,
Muuguzi mstaafu, Masasi

Nakala: Waganga Wakuu wa Wilaya zote za mkoa