Kabla hujanyanyua paa la ghala

Unga Limited, Arusha

Mpendwa Baba Neema,

Habari za Moshi? Huku hatujambo, watoto wamerudi shule na biashara inasogea.

Ujumbe wako kuhusu ghala la Pasua nimeusoma na kuurudia. Wazo la kunyanyua paa kutoka mita 5 hadi mita 7 badala ya kuhangaika na kiwanja kipya naliunga mkono kabisa. Chuma cha ghala lako bado kizima na geti linaingiza semitrela. Ila huyo fundi anayesema kazi yote ni jeki na kuchomelea vipande vya nguzo, usimpe advansi mpaka injinia apite hapo kwanza.

Paa lenyewe ndilo jepesi, Baba Neema. Mabati na kenchi jeki zinanyanyua bila shida. Shida iko kwenye nguzo. Nguzo ileile ukiirefusha kutoka mita 5 hadi 7, mzigo inaoweza kubeba kabla haijapinda unashuka hadi karibu nusu, maana uwezo huo hupungua kwa mraba wa urefu. Upepo nao unapata ukuta mrefu zaidi wa kusukuma, na kama nguzo inategemea mguu wake kusimama, nguvu ya kuipindua pale chini inakaribia kuwa mara mbili. Nguzo imepungukiwa nguvu, halafu imeongezewa kazi. Ndiyo maana injinia anaweza kudai nguzo ziongezewe mabamba ubavuni, au ziongezwe vyuma vya mshazari kati ya nguzo na nguzo. Akidai hivyo usione anakukomoa.

Chimbueni pia mguu wa nguzo mmoja au miwili muone zege limeshuka kiasi gani na bolti zikoje. Upepo mkali hausukumi ukuta tu, hulivuta paa la bati kwenda juu, na kinacholishikilia ni hizo bolti. Zikiwa zimeliwa na kutu, kila kitu kisimame mpaka zishughulikiwe. Na kama hapo chini ni ule udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, mwambie injinia mapema.

Jirani yangu hapa alinyanyua lake kiangazi kilichopita, nikaenda kutazama. Kila nguzo ilichomelewa mabano ubavuni, jeki ikakaa chini yake, na jeki zote zikavuta mafuta kutoka pampu moja ili zipande sawasawa. Walipanda milimita chache, wakasimama, vijana wakasukuma vibao vya chuma kujaza nafasi, mpimaji akasoma usawa wa kila nguzo, ndipo wakapanda tena. Waya za kukaza zilivutwa pande zote, umeme ulikatwa, na hakuna aliyeruhusiwa kupita chini. Kona moja ilipotangulia kidogo tu, bati zililia, msimamizi akainua mkono, kazi ikasimama mpaka kona nyingine zikaifikia. Fundi wako akikwambia atanyanyua kona moja baada ya nyingine, mkatalie palepale. Kenchi zitajikunja na bolti zitakatika.

Sasa nikuulize: hizo mita 2 utazijaza vipi? Makuli wako wanapanga magunia kwa mabega. Rundo likipita urefu fulani linakuwa hatari kwao, na wakilegeza kupanga litaporomoka. Ili urefu huo ulipe unahitaji foklifti na rafu za chuma, na foklifti inataka njia pana ya kugeukia, kwa hiyo sakafu itakayobaki kwa mzigo itapungua. Piga hesabu hiyo kabla ya ile ya chuma. Sakafu nayo ipimwe. Mahindi kwenye magunia yanakaribia kilo 700 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo rundo la mita 5 linakandamiza zaidi ya tani 3 kwenye kila mita ya mraba. Rafu ni kali zaidi, maana uzito wote unashuka kwenye miguu midogo na zege jembamba linatoboka. Na magunia yasiegemee ukuta hata siku moja, kuta hizo ni bati tu.

Kibali cha ujenzi kaombe manispaa mapema, na mhandisi na mkandarasi wote wawe wamesajiliwa na bodi zao. Mimi ningepanga kazi iwe Juni: masika yamekwisha, na mahindi ya Babati na Kiteto hayajaanza kumiminika. Ukichelewa hadi Agosti utakuwa na mzigo wa watu ndani na paa hewani.

Nitumie picha za miguu ya nguzo na za maungio ya kenchi, pamoja na upana wa ghala kutoka nguzo hadi nguzo. Injinia aliyesimamia kazi ya jirani nitamwomba aje Moshi, nami nitafuatana naye.

Msalimie sana Mama Neema na wazee wa Kibosho.

Wako,
Baba Lulu