Nimefiwa na mama, nami nimealikwa harusi Tainan

Shikamoo shangazi,

Mimi ni binti wa Korogwe, niko Tainan, kusini mwa Taiwan, nasomea shahada ya uzamili. Rafiki yangu wa darasani anaolewa Jumapili, wiki mbili kutoka leo, nami nimealikwa upande wa bi harusi. Siku hiyo itakuwa ya 58 tangu mama yangu aondoke.

Sikuweza kwenda kuzika. Nyumbani ilikuwa saa tisa alasiri, kwangu saa mbili usiku, nikatazama kaburi likifukiwa kwenye simu, na huyu rafiki kanishika mkono mpaka mwisho. Kesho yake aliniletea bahasha nyeupe yenye dola 1,100 za Taiwan, yaani mia 11, kwa kuwa rambirambi kwao hutolewa kwa witiri. Ya harusi ni bahasha nyekundu, na hesabu iwe shufwa. Nne wanaikwepa maana matamshi yake yanakaribiana na ya neno kifo. Mimi nimeshaweka 3,600.

Kwetu arobaini imekwisha na tanga limeshaanuliwa. Lakini huku aliyefiwa na mzazi hakanyagi harusini kabla ya siku 100, na wengine husubiri hata mwaka mzima. Wanaamini msiba usigusane na heri ya maharusi. Anayetaka kushika adabu hutuma bahasha, mwenyewe akabaki nyumbani. Rafiki yangu yote hayo anayajua, na bado anasema, "Wewe ni dada yangu, njoo. Ila mama yangu usimwambie."

Na huyo mama ndiye anayeninyima usingizi. Miaka miwili sasa Jumapili nala kwake, ananiita binti yangu, mwaka mpya wao ukiingia ananipa bahasha kama watoto wake. Mila anazishika kwa dhati: mpwa wake aliyezaliwa 1998, mwaka wa simbamarara, keshaambiwa asisogelee chumba cha bi harusi. Siku bi harusi anaondoka, ataumwagia gari lao maji kwa nyuma, ishara kwamba binti akitoka asirudi kuwa mzigo kwao. Kisha karamu ni hapo hapo uchochoroni, chini ya turubai, meza za duara za watu kumi kumi zenye vitambaa vyekundu, wapishi wakipikia nje. Aliponieleza nilifikiria harusi zetu za mtaani, nikatamani mama angekuwepo nimsimulie.

Juzi alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwangu na maboksi mawili ya keki za harusi, zile ambazo upande wa mwanamke hugawia ndugu na marafiki kutangaza ndoa. Boksi ni jekundu, limeandikwa kwa dhahabu lile herufi lao la furaha maradufu. Moja akasema langu. La pili akanipa kwa mikono miwili: "Hili mtumie mama yako. Hajambo?"

Shangazi, nilijibu, "Hajambo." Lilinitoka tu. Boksi liko mezani hadi sasa, sijalifungua, na kila nikiingia chumbani ndilo la kwanza kuonana nalo.

Nimwambie ukweli kabla ya harusi? Naogopa atajiona amelazimika kunizuia, aumie yeye na bintiye siku ile wanayopaswa kucheka. Niende nikanyamaze, niketi meza ya ndugu nikila na watu ambao hawajui kilichonipata? Kwangu imani hiyo haipo, ila kwake ipo, na nyumba ni yake. Likitokea lolote baadaye kwa wale maharusi, mimi nitajitazamaje? Au nitume bahasha yangu nibaki chumbani, rafiki aliyenishika mkono usiku ule akose mtu wake?

Moyo wangu unaelekea kumwambia mama, na maamuzi nimwachie yeye. Linalonishinda ni namna: nianze na maneno gani baada ya kusema hajambo, na je, niende na lile boksi nimrudishie, au kurudisha keki za harusi ni kuwaletea nuksi nyingine? Naomba unijibu mapema, na waliowahi kuishi Taiwan wanisaidie.

Binti wa Korogwe,
Tainan